Walinzi wa mabonde walipwe, wasifukuzwe

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima unageuka mchanga na madimbwi, viboko wanabanana kwenye matope, na tembo wanafukua mchanga kutafuta maji. Kwa zaidi ya miaka thelathini Serikali imekuwa na jibu moja: kuondoa watu. Imewaondoa wafugaji na wavuvi, imepiga marufuku vinyungu, yaani bustani za kiangazi za mabondeni, imesogeza mipaka ya hifadhi juu ya vijiji. Mto bado unakauka. Gazeti hili linasema wazi kwamba dawa hiyo imeshindwa. Sasa Serikali ifanye jambo ambalo haijawahi kuliandika katika sheria yoyote: iwalipe wananchi wenye ardhioevu kwenye mashamba yao ili waitunze.

Makosa mengi ya sera yametokana na kutoelewa maji ya Usangu yanavyokwenda. Mito inayoshuka kutoka nyanda za juu, ikiwamo Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, inaingia kwenye tambarare ya Usangu na kujikusanya katika bonde la Ihefu. Ihefu inapoishia, mahali paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba huo, Ruaha Mkuu unapata mkondo na kuendelea kwenda hifadhini, kisha kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika, hata kama katikati ya Ihefu bado kuna maji na matete mabichi. Kwa hiyo maji machache yanayochukuliwa huko juu mwezi wa Septemba na Oktoba yana uzito kuliko mafuriko yote ya Machi.

Nani anayachukua? Kwa muda mrefu kidole kimeelekezwa kwa ng'ombe. Lakini watafiti walioyapima maji ya Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni mifereji ya umwagiliaji inayoendelea kuvuta maji kiangazi, hata pale ambapo mpunga umekwisha kuvunwa. Mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga yalijengwa na Serikali yenyewe. Mwaka 1996 ukaja mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia wa kusimamia mabonde ya mito na kuboresha umwagiliaji wa wakulima wadogo. Mabanio ya kienyeji ya magogo, mawe na udongo yakabadilishwa kuwa ya zege yenye milango ya chuma. Banio la kienyeji lilivuja, na kila masika lilibomoka. Uvujaji huo ndio uliokuwa ukiupa mto haki yake. Banio la zege linaweza kufunga mto mdogo wa kiangazi wote, ukaingia mferejini bila kubaki hata kijito.

Pamoja na ushahidi huo, mwaka 2006 na 2007 operesheni ilikwenda kwa wafugaji. Maelfu ya watu na malaki ya ng'ombe waliswagwa kutoka Usangu kwenda mikoa ya Lindi na Pwani na kwingineko, na mifugo mingi ikafia njiani. Mwaka 2008 Ihefu na lililokuwa Pori la Akiba la Usangu vikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo wilaya nzima ya Mbarali imeishi na herufi mbili na tarakimu mbili za tangazo la mipaka hiyo, GN 28, ambazo hata mtoto wa shule ya msingi kule anazijua. Mgogoro wa mipaka ukaingia mahakamani, bungeni, na hatimaye katika meza za wafadhili. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliolenga kukuza utalii wa hifadhi za kusini, Ruaha ikiwamo. Aprili 2024 ikasitisha kutoa fedha kutokana na malalamiko ya wananchi juu ya mateso na kuondolewa kwa nguvu, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Hesabu ya njia ya mabavu ndiyo hiyo: mto mkavu, wananchi waliojeruhika, na mkopo uliokatwa katikati.

Tuje kwenye vinyungu, maana hapo ndipo hoja yetu inaposimama. Iringa, Mufindi, Njombe na Wanging'ombe, familia nyingi zina kipande cha bonde karibu na kijito. Mvua zikikatika na shamba la mlimani likiwa limevunwa, kinyungu ndicho kinachotoa mahindi mabichi, maharage, kabichi na nyanya. Kwa kina mama wengi hicho ndicho chanzo pekee cha fedha taslimu kati ya Julai na Novemba: sare za shule, dawa, mbolea ya msimu unaofuata. Halafu anakuja ofisa na kamba ya kupimia, anataja sheria ya mita 60, na kuamuru mazao yang'olewe.

Sheria hiyo ipo, na tunaiheshimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Lakini sheria iliyotungwa Dodoma kwa manufaa ya mitambo ya Kidatu na mabomba ya mijini haiwezi kumbebesha gharama yote mama mmoja wa Mufindi mwenye robo ekari. Kinyungu chake alikirithi. Bibi yake alikilima kabla ya sheria hiyo na kabla ya Kidatu kuanza kuzalisha umeme. Kama Taifa linataka aache mapato hayo ili sisi wengine tupate umeme, Taifa limlipe. Na kama hatutaki kumlipa, basi tuache kujidanganya kwamba tunathamini maji.

Tunaongeza pia kwamba si kila kinyungu kinaua mto. Kuna tofauti kubwa kati ya matuta ya jembe la mkono yanayofuata unyevu wa bonde, na mtaro mrefu uliochimbwa kukausha bonde zima ili litifuliwe kwa trekta. Kuna tofauti pia na mikaratusi iliyopandwa hadi kwenye jicho la chemchemi, mara nyingi na watu wenye mtaji wasioishi kijijini. Amri za jumla haziangalii tofauti hizo. Mkataba wa malipo utalazimika kuziangalia, kwa sababu lazima useme kinalipwa kitu gani: mtaro gani uzibwe, mikaratusi mingapi iondolewe, sehemu ipi ibaki na mafunjo na ipi iendelee kulimwa kwa jembe.

Kuna watakaosema hatuna fedha. Hatukubali. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ya nyongeza ikaenda kwenye umwagiliaji, yaani mabanio na mabwawa zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limegharimu zaidi ya trilioni sita. Maji yake yanatoka Kilombero, ambako ndiko kunakotoka zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, pamoja na Luwegu na Ruaha Mkuu. Bonde la Kilombero lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002 kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Tumeweka matrilioni kwenye zege la chini, na kwa mkulima aliye juu, anayeamua kila mwaka kama bonde lake litabaki tindiga au litageuka jaruba, tumeweka tangazo la onyo.

Chanzo cha fedha kipo tayari. Tangu mwaka wa fedha 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli imekuwa ikitozwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Fedha hizo zinajenga visima, matangi na mabomba, na hatupingi. Tunachosema ni kwamba bomba bila chanzo ni chuma kitupu, na sehemu ya tozo hiyo iliyotajwa kisheria, si kwa hisani ya waziri wa wakati huo, itengwe kwa mikataba ya mabonde. Costa Rica inawalipa wenye misitu kwa mtindo huo tangu mwaka 1997, kwa fedha za kodi ya mafuta, chini ya sheria ya misitu ya mwaka 1996. Bodi za maji za mabonde nazo zinakusanya ada za matumizi ya maji kutoka kwa wenye vibali. Shirika la umeme, mamlaka za maji za miji na mashamba makubwa ya mpunga ndio wanunuzi wa kwanza wa huduma ya ardhioevu. Walipe bei yake.

Tuliwahi kuonja jambo hili. Katika milima ya Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambapo wakulima wa vijiji vya juu walilipwa kwa kulima matuta na kupanda miti ili Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, usijae tope. Mamlaka ya maji ya jiji wakati huo, DAWASCO, na kiwanda cha soda walishiriki kama wanunuzi. Ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini ulibaki kuwa mradi. Haukuwahi kuwa sheria, wala haukupata fungu lake katika bajeti ya nchi. Mkulima hawezi kupanga maisha yake kwa kalenda ya mfadhili.

Wapo wanaouliza kwa nini tumlipe mtu asivunje sheria. Swali hilo ni zito, na lina historia. Uingereza, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, mkulima aliyezuiwa kukausha eneo la hifadhi alistahili kulipwa faida ambayo angeipata kama angelikausha. Matokeo yake yalitabirika: aliyetishia kukausha ndiye aliyelipwa, na jirani yake aliyekuwa ametunza bonde kimyakimya hakupata kitu. Ilibidi waanzishe utaratibu mwingine katika malisho ya Halvergate mwaka 1985, wa kumlipa kila mfugaji wa bonde hilo kiwango sawa kwa ekari ili aendelee kulisha mifugo bila kukausha. Somo ni kwamba malipo yasiwe zawadi ya kitisho. Kwetu maana yake ni kutangaza tarehe: bonde lililofunguliwa baada ya tarehe hiyo halilipwi hata senti, na aliyelitunza siku zote awe wa kwanza kwenye orodha.

Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Serikali yao ilitumia zaidi ya karne moja kuhimiza na kugharimia ukaushaji, hadi majimbo 48 yaliyoungana ardhi yakapoteza zaidi ya nusu ya ardhioevu iliyokuwapo miaka ya 1780. Iowa ilipoteza karibu asilimia 90. Mwaka 1985 sheria yao ya kilimo ikaweka kifungu kilichopewa jina la Swampbuster: anayegeuza ardhioevu kuwa shamba baada ya tarehe 23 Desemba mwaka huo anapoteza ruzuku za kilimo. Mwaka 1990 likafuata fungu la kuwalipa wenye mashamba warudishe mabonde waliyoyakausha. Shamba linabaki la mwenyewe. Serikali inanunua haki ya kulilima, kwa miaka 30 au milele. Hadi mwaka 2014 mpango huo ulikuwa umefikia zaidi ya ekari milioni 2.6.

Si kila kitu kilikwenda sawa huko. Mpango wao mwingine, wa kulipia ardhi ipumzishwe kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15, ulikuwa na zaidi ya ekari milioni 36 mwaka 2007. Bei ya mahindi ilipopanda, mikataba ikaisha na jembe likarudi. Ndani ya miaka kumi zaidi ya ekari milioni 12 zilikuwa zimetoka. Na mwaka 2021 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao iliripoti kwamba katika majimbo ya Dakota, yenye vipande vya mashamba kama 417,000, wasimamizi walikuwa wakibaini mashamba yasiyofika matano kwa mwaka yaliyovunja masharti ya Swampbuster. Sheria isiyokaguliwa ni karatasi tu, kwao kama kwetu.

Kwetu ruzuku ya kufungamanishwa na sharti kama la Swampbuster ipo. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye Nane Nane Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku, na mfuko ukashuka hadi shilingi 70,000. Ili kuipata, mkulima husajiliwa pamoja na ukubwa wa shamba lake na mahali lilipo. Daftari hilo ndilo chombo tulichokikosa miaka yote. Anayekausha bonde jipya baada ya tarehe itakayotangazwa asipate mbolea ya ruzuku, mbegu ya ruzuku, wala maji ya banio lililojengwa kwa kodi. Sharti hilo limbane kwanza mwenye ekari mia mbili, kabla ya mwenye robo ekari. Leo hii Serikali inampa mtu mbolea ya bei nafuu kwa mkono mmoja ili apanue shamba hadi bondeni, na kwa mkono wa pili inamletea askari. Ni aibu, na haipaswi kuendelea msimu mwingine.

Kuhusu nani alipwe, hatutaki kuona kosa linalofanywa katika miradi mingi. Ardhi ya nchi hii ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na vijijini wengi hawana hatimiliki ya kimila mkononi. Malipo yakisubiri hati, watakaolipwa ni wale waliokwisha kupimiwa, nao mara nyingi ndio wenye nafasi. Pale bonde ni la familia, alipwe anayelima, na jina lake liandikwe kwenye mkataba hata kama shamba linajulikana kwa jina la mume au kaka. Pale bonde ni la kijiji kizima, kama maeneo ya malisho na uvuvi, mkataba uwe na kijiji kwa uamuzi wa mkutano mkuu, na kila shilingi iliyoingia na iliyotoka ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. TASAF imekwisha kuonyesha kwamba Serikali inaweza kuifikishia kaya maskini fedha kwenye simu yake. Hakuna sababu fedha za mabonde zipite kwenye mikono ya watu watano kabla ya kumfikia mwenye jembe.

Wafugaji wasisahaulike. Waliofukuzwa Usangu walibebeshwa lawama ambayo vipimo vya maji havikuithibitisha. Mkataba wa malisho unaweza kulipa kundi la wafugaji likae nje ya bonde katika miezi ambayo nyasi changa zinaumia, kwa sharti kwamba maji ya kunywesha mifugo na njia za kupitisha ng'ombe viwepo kweli, siyo kwenye ramani peke yake. Mfugaji asiye na mahali pa kwenda ataingia bondeni usiku, na hakuna idadi ya askari itakayomzuia.

Mkataba uwe wa miaka isiyopungua 20, malipo yapande na gharama za maisha, na ukaguzi ufanywe kila kiangazi na bodi ya bonde pamoja na jumuiya ya watumia maji, mbele ya wanakijiji. Kipimo cha malipo kiwe hali ya bonde lenyewe: mitaro imezibwa, mafunjo yapo, chemchemi haijaguswa. Kumpunguzia mkulima wa Njombe malipo kwa sababu mto umekatika Ng'iriama itakuwa dhuluma, wakati mabanio makubwa yaliyo kati yao ndiyo yaliyoyameza maji aliyoyaachia. Na hilo linatupeleka kwa wenye vibali vya maji. Hakuna malipo yatakayouokoa Ruaha Mkuu kama milango ya mabanio haitafungwa mpunga ukishavunwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina mamlaka ya kisheria ya kusimamisha kibali. Iyatumie, ianze na wakubwa, na itangaze majina.

Wizara ya Maji inasema mazingira ni ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Ofisi hiyo inasema mashamba ni ya Wizara ya Kilimo. Kilimo inasema maji si yake. Mwaka 2017 kiliundwa kikosi kazi cha kitaifa cha kuokoa ikolojia ya Ruaha Mkuu, na wananchi wana haki ya kuuliza kimeacha nini mtoni. Hatutaki kikosi kingine. Tunataka Waziri wa Fedha alete katika Bunge la bajeti kifungu kinachotaja kiasi kwa kila lita ya mafuta kitakachokwenda kwenye mikataba ya mabonde, tarehe ya mwisho ya kufungua bonde, na taasisi moja itakayowajibika. Mikataba ianzie Mbarali, Mufindi, Wanging'ombe na Kilombero. Na hadi mkataba wa kwanza utiwe saini, amri zote za kung'oa vinyungu vya wakulima wadogo na kuhamisha vijiji vya Usangu zisimame.